Tunda Halijaonekana

Uingereza,
11 Juni 1984

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeamka salama, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimeachia. Mimi sijambo. Huku wanasema sasa ni kiangazi, nami nimevaa sweta mbili.

Baba, nina kazi nataka kukupa, na tafadhali usicheke. Unaukumbuka ule mmea unaotambaa juu ya vichaka vya mawe, nyuma ya zizi? Wiki ile niliyoondoka nilikata tawi lake likiwa na maua, nikalibana ndani ya magazeti, na mama akaniuliza kama Ulaya hakuna majani. Basi mwalimu wangu amelilinganisha na kila tawi la jamii ya kunde lililomo katika jumba lao la mimea mikavu. Hakuna linalofanana nalo. Anasema huenda mmea huu haujapata kuandikwa na mtu yeyote, na amenipa mimi niuandike. Hiyo ndiyo kazi itakayonipa shahada yangu.

Nimeshaanza. Nakutafsiria kidogo:

“Mmea wa kutambaa, hupanda vichaka hadi kupita kimo cha mtu. Shina jembamba, lenye malaika, yaani vinyweleo laini. Majani matatu matatu kwenye kikonyo kimoja, la kati pana kuliko wenzake. Ua rangi ya zambarau, lenye doa la manjano kooni. Petali ya chini imejikunja kama pembe ya kondoo. Makao: vichaka vya mawe ya matumbawe, Kilifi, karibu na Bofa. Tunda: halijaonekana.”

Hayo maneno mawili ya mwisho yananinyima usingizi. Pasipo tunda hatuwezi kuutenga mmea huu na ndugu yake anayeota bara. Ukiona umetoa maganda, yaache yakauke palepale, kisha uyachume, uniletee kwa posta. Nikiyapata nitamaliza, na nikimaliza nitarudi nyumbani, huenda Januari.

Bintiyo,
Kahonzi


Kilifi,
2 Julai 1984

Mayo Kahonzi,

Marahaba, marahaba sana. Nilikupa jina la mamangu mwenyewe, ndiyo maana nakuita mayo, yaani mama, basi hata nikikutuma maji ya kunywa huwa natuma kwa adabu. Kifua kimepoa. Mbuzi wazima, kuku wazima, mimi mzima.

Huo waraka wako nimeusoma mara nyingi. Sisi hapa twauita kunde mwitu, kama tunavyokiita kila kitu cha namna hiyo kisichoingia chunguni. Sikujua kwamba una koo, wala kwamba koo lake lina doa. Nilikwenda nikainama nikatazama, na kweli doa lipo.

Umetoa maua mengi mwaka huu, lakini mbuzi wa jirani yetu Masha walikuwa wameshaula upande wa chini. Nikamwambia Masha afunge mbuzi wake, mmea huo unasomeshwa Ulaya. Akaniuliza, “Na umefaulu?” Tangu siku hiyo kila nikipita sokoni watu wananiuliza hali ya mwanafunzi. Nimeuzungushia ua wa miiba. Sasa nimekuwa mlinzi wa kunde mwitu, mimi niliyepikia wageni wa hoteli pale Bofa mpaka nikastaafu.

Mayo, tangu mamako atutoke mwezi wa Februari, nyumba hii imekuwa kubwa. Jioni napika, na mikono yangu haijajifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Kinachobaki nampelekea Masha, ndiyo maana hawezi kunikasirikia kwa habari ya mbuzi.

Umesema ukipata tunda utarudi. Basi nitalinda.

Babako,
Kalama


Kilifi,
24 Septemba 1984

Mayo,

Salamu zangu zikufikie pamoja na furushi hili. Ni maganda yako. Sikuandika mapema kwa sababu sikuwa na la kusema ila kwamba bado ni mabichi. Yalipokauka yakaanza kupasuka kwa jua la mchana, ta! ta!, na mbegu zikaruka hadi nje ya ua. Nikawahi kuyachuma yaliyosalia. Nimeyahifadhi vizuri kama mamako alivyokuwa akihifadhi mbegu zake, hakuna mdudu atakayeyagusa.

Sasa maliza, uje. Chumba chako nimekipaka chokaa.

Babako,
Kalama


Uingereza,
5 Novemba 1984

Baba mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Huku baridi imeanza kuuma, lakini mwili wangu mzima.

Furushi limefika. Nilipolifungua, chumba chote kikanuka kama jikoni kwetu. Mwalimu akauliza ni harufu gani ile, nami nikatoka nje nikalia.

Baba, uliyaweka uchagani, sivyo? Juu ya moto? Mama ndivyo alivyofanya kwa mahindi na kunde za kupanda, na wadudu kweli hawakugusa. Lakini ganda la mmea huu, nadhani, lina malaika juu yake, na hayo malaika ndiyo tunayoyatafuta. Moshi umeyaunguza yote. Na kwenye mbegu kuna alama ndogo, wao huiita kitovu, pale mbegu iliposhikana na ganda. Rangi yake ni ya maana sana kwetu. Imekuwa nyeusi kwa masizi.

Mwalimu anasema tusubiri msimu mwingine. Kwa hiyo sitarudi Januari kama nilivyotumaini. Mwaka ujao, ukichuma, uyaweke ndani ya magazeti, kivulini, mbali na moto, na juu yake uweke kitu kizito. Usijilaumu, baba. Ni mimi sikukueleza.

Bintiyo,
Kahonzi


Kilifi,
1 Desemba 1984

Mayo Kahonzi,

Marahaba. Mimi niko. Vuli imenyesha vizuri na mihogo imeshika.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaisoma tena. Miaka yote nimekuwa mtu wa jikoni, nimeunguza mchuzi, nimeunguza wali, sijapata kuunguza shahada ya mtoto. Masha alipouliza nikamwambia mwanafunzi amerudia darasa. Alicheka peke yake.

Nisikufiche, sikulia kwa ajili ya maganda. Nimelia kwa hilo la Januari. Nilikuwa nimeshamwambia kila mtu.

Tena nakuuliza jambo, na unijibu bila kuzunguka. Matanga ya mamako tuliyaondoa bila wewe, nikasema ni sawa, mtoto yuko masomoni. Likizo yako ya kiangazi ikapita, nikasema ni sawa. Wenzako wanaosoma huko huja likizo. Binti wa mwalimu mkuu amekuja, nimemwona kwa macho yangu Malindi akinunua halua. Ni kunde tu inayokuzuia, au kuna jingine?

Babako,
Kalama


Uingereza,
10 Machi 1985

Baba yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Sikuugua. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana.

Umetaka nisizunguke. Naogopa, baba. Nikiwa huku, mama yupo. Asubuhi najua anachota maji, jioni najua amekaa mlangoni anachambua mboga na kuwasema wapita njia. Nafahamu kwamba amekufa, si mtoto mimi, lakini huku hakuna mlango wa kunionyesha kwamba hayupo. Nikija nitauona huo mlango. Nafunga sanduku kichwani mwangu, nafika mpaka kwenye njia ya kwetu, na hapo ndipo miguu inapogoma.

Kwa hiyo nakaa na haya majani makavu. Nimelichora lile ua kwa kila upande. Nimeyapima majani yake. Maandishi yangu yamekuwa mazuri mno kwa mmea usio na tunda.

Nitumie maganda msimu ukifika, tafadhali. Nikiisha kuwa na shahada mkononi, labda nitakuwa na nguvu.

Bintiyo akupendaye,
Kahonzi


Kilifi,
12 Agosti 1985

Mayo,

Marahaba, na salamu kutoka kwa wote wanaouliza habari zako, nao ni wengi kuliko ninavyoweza kuwajibu. Kifua kimenirudia kidogo, si cha kukutisha.

Maganda yapo. Mwaka huu yamekuwa mengi kuliko mwaka jana, yananing'inia hadi kwenye miiba. Yamekaribia kukauka. Malaika nimeyaona, rangi ya dhahabu, ukipitisha kidole yanalala upande mmoja. Ni mazuri sana, na mimi siyachumi.

Usidhani nimekasirika. Magazeti ninayo, kivuli ninacho, na mahali pa kuyaweka ninapo. Ila nimefikiri, nikaona kwamba nikituma, utaandika, ukimaliza watakupa mmea mwingine uuandike, na mimi nitabaki hapa nikipokea stempu. Mlango unaouogopa mimi naupita kila siku, mayo. Naupita asubuhi nikitoka na jioni nikirudi. Siku za kwanza nilipitia dirishani, mzee mzima, mpaka Masha akadhani mwizi. Sasa napita mlangoni. Ungekuja tungepita wawili.

Mwenye kulitaka tunda aje alione mtini. Yatakaa kama wiki kadhaa kabla jua halijayapasua.

Babako,
Kalama


Uingereza,
29 Agosti 1985

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kifua. Tafadhali nenda hospitali ukapimwe.

Barua yako ilinikasirisha, nami sitakuficha, kwa kuwa nawe hukunificha. Shahada hii ni jasho langu. Umeifunga ndani ya ua wa miiba ukakaa mlangoni na ufunguo. Nilimwonyesha mwalimu barua yako, nikamtafsiria, nikidhani atanihurumia. Akafurahi. Akasema kuuona mmea ukiwa hai ndilo jambo bora, na chuo kimekubali kutusafirisha sisi wawili.

Kwa hiyo umeshinda, nakuja. Tutafika mwisho wa Septemba. Tutalala hotelini hapo Bofa, maana mwalimu ni mtu mzima na anahitaji maji ya bomba, nami sitaweza kumwacha peke yake. Gari litatuleta nyumbani asubuhi, tutachuma, tutapiga picha, na jioni turudi hotelini kupanga maganda. Siku ya pili tutaondoka. Usihangaike kupika. Tena nakuomba, gari lisimame upande wa zizi, tuingie kwa nyuma.

Tafadhali usiyachume kabla hatujafika, sasa mipango yote imeshawekwa.

Bintiyo,
Kahonzi


Kilifi,
9 Septemba 1985

Mayo Kahonzi,

Nakuitikia marahaba. Hospitali nimekwenda, wamenipa dawa chungu, nayo inafanya kazi.

Pamoja na barua hii utapata furushi. Nimeyachuma jana asubuhi, umande ulipokauka na jua halijawa kali. Nimeyaweka ndani ya magazeti, juu yake nimeweka jiwe la kusagia, na tangu jana napikia nje ili hata harufu ya moshi isiyafikie. Mengine nimeyafunga kila moja peke yake kwa kitambaa, yakipasuka njiani mbegu zibaki humo humo. Kitovu cha mbegu ni cheupe, kimezungukwa na mstari mwekundu mwembamba. Nilikitazama kwa miwani ya Masha. Ganda lina urefu wa kidole changu cha kati, nalo likipasuka hujisokota. Sijui wenzako huandikaje, lakini hivyo ndivyo lilivyo.

Najua uliniomba nisichume. Mwambie mwalimu wako anisamehe, na kama anataka kuuona mmea, ua nimeufungua, aje wakati wowote, nitampikia na maji nitamchemshia.

Niliposema siyachumi, nilidhani namwita mwanangu. Kumbe nilikuwa naliita gari lisimame zizini na kuondoka. Ile hoteli ya Bofa nimepika ndani yake maisha yangu yote. Nimewatazama watoto wa watu wakila, kupitia kidirisha cha jikoni, nikiwa na mwiko mkononi. Sitaki wewe nikutazame hivyo.

Hasira zako nimezipokea, ni haki yako. Jasho ni lako na shahada ni yako, sina haki ya kuizungushia miiba. Andika umalize. Wakikupa mmea mwingine uuandike, uandike pia.

Sasa tunda unalo, mayo. Huku hakuna tena kitu cha kukuleta kwa ajili ya chuo wala mwalimu. Nimebaki mimi tu, na mlango. Kama na mimi natosha kumfungisha mtu safari, njoo.

Babako,
Kalama