Kijiti Juu ya Kofia

Jumatatu, 7 Julai

Manyunyu tena. Nimepeleka chai Njiru kwenye nyumba yetu, nikamkuta fundi ameketi kizingitini, mikono kwapani, mbao za paa zimelowa chapachapa. Anasema zikipigiliwa na maji zitajikunja zikikauka. Nimemwambia tukingoja jua la Julai tutangoja mpaka Septemba. Akacheka, akapanda.

Fundi Athumani ni mzaliwa wa Majengo. Mtaratibu, hapigi msumari bila bismillahi. Namwamini. Ila ni mmoja, na paa ni kubwa.

Baba Achi, mume wangu, yuko Makadara kwenye chumba chetu cha kupanga. Nimemrundikia mito mgongoni, maana akilala chali hapumui. Daktari alisema mapafu yamejaa vumbi la mbao. Maisha yake yote kwenye yadi, akiwapasulia watu mbao. Jioni alikuwa akirudi na kipande begani, ubao wenye magome ambao tajiri hakuutaka. Kuta za Njiru ni vipande hivyo. Zimesimama bila paa tangu Achieng' wetu akiwa darasa la sita. Sasa naye ana mtoto.

Anataka kitu kimoja tu. Alale chini ya paa lake kabla hajafa. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayeagiza sukari.

Jumatano, 9 Julai

Mabati yamefika. Afadhali yasingefika.

Athumani alikuwa ameagiza geji thelathini. Owuor, kaka mkubwa wa Baba Achi, ndiye aliyekwenda dukani kwa sababu ana rafiki mwenye pikapu. Karudi na geji thelathini na mbili, meno yote nje. Eti fundi wangu ana mawazo madogo, yeye ametuongezea. Athumani akaligonga bati kwa kidole. Likalia kama kopo la maziwa. Owuor alipoondoka ndipo akaniita kando: kwenye mabati, namba ikipanda unene unashuka. Akasema wengi hukosea hapo. Alitaka nisimchukie shemeji yangu.

Nimemchukia. Duka limekataa kurudishiwa. Maji yakimwagika hayazoleki, tumeanza kupigilia hayo hayo.

Jumamosi, 12 Julai

Ugomvi. Baba Achi amesema paa likiisha anataka kijiti juu.

Kwetu nyumba ya mwanamume ina kijiti kinachochomoza kileleni mwa paa. Osuri. Mpita njia akikiona anajua mwenye nyumba yupo, anapumua. Akifa, kinavunjwa.

Owuor alicheka mpaka akakohoa. Kijiti juu ya mabati, Njiru? Akasema hii ni nyumba, si dala. Dala, boma la mtu, ni kule walikozikwa babu zetu. Nyumba ya mjini haihesabiwi.

Baba Achi akavuta pumzi kwanza. Siku hizi sentensi inamgharimu. Kisha akasema, "Na kule nyumba yangu iko wapi?"

Owuor anajua, sote tunajua. Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Na Owuor amekuwa akijenga mwaka ujao tangu niolewe. Hakujenga, basi na mume wangu hakujenga. Tumezeeka tukimngoja yeye aamke.

Owuor akachukua kofia yake akaenda zake. Hakunywa chai. Sawa, nimeinywa mimi.

Jumapili, 13 Julai

Sijaenda kanisani. Nimefua shuka. Nimelia juu ya beseni, basi.

Achieng' amekuja kutoka Komarock na kipande cha mbao ngumu alichoomba babake. Mzee amekaa na kisu kitandani akikichonga, anapumzika, anachonga. Vumbi la mbao kwenye blanketi. Nilitaka kumnyang'anya. Achieng' akanishika mkono, akaninong'oneza, "Mathe, mwache tu."

Nimemwacha.

Jumanne, 15 Julai

Upepo. Njiru ni uwanda mtupu, upepo ukitoka kule Kangundo Road hauna wa kuuzuia. Umenyanyua mabati ya upande wa chumba cha kulala kana kwamba ni magazeti. Misumari imebaki kwenye mbao, bati limechanika kuizunguka. Moja tumelikuta kwenye mahindi ya jirani. Ashukuriwe Mungu halikumkata mtu.

Athumani alikuwa juu. Kashuka, kakaa kwenye matope. Kasema hapandi tena juu ya mabati hayo. Simlaumu.

Baba Achi ameniuliza paa limefika wapi. Nimemwambia linakwenda vizuri. Akanitazama kwa muda mrefu. Huyo amepasua mbao maisha yake yote, na mimi sijui kudanganya.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeuza friji. Kwa baridi hii friji ya nini? Nimenunua geji thelathini, mimi mwenyewe, nikalishika kila bati kwa vidole kama mtu anayechagua khanga. Hayatoshi. Yatafunika sebule na mgongo wa paa, chumba cha kulala kibaki na turubai.

Owuor hapokei simu.

Jana Baba Achi alibadilika midomo rangi. Achieng' alitaka turudi hospitali. Amekataa. Anasema akiingia tena mle hatatoka, na atakuwa amekufa mpangaji. Hasira imenipanda, nikamwambia anatutesa. Ni kweli anatutesa. Na namwelewa. Yote mawili.

Jumamosi, 19 Julai

Leo tumehamia.

Kofia imefungwa asubuhi, lile bati lililokunjwa linalofunika mgongo wa paa. Fundi akasema nyumba imevaa. Kisha nikampa kijiti. Kimechongwa vizuri, kimenyooka, ncha yake laini. Athumani akakigeuzageuza. Kwao hakuna haya mambo. Akaniambia taratibu, "Mama Achi, nikiitoboa kofia hapa patavuja. Nitaziba, lakini patavuja."

"Toboa," nikasema.

Akatoboa. Alisema bismillahi hata kwa hilo.

Baba Achi tumemleta kwenye teksi, kisha vijana wa mtaa wakambeba na kiti chake. Alisema wamsimamishe nje kwanza. Akainua macho, akakiona. Akawaashiria wamwingize.

Kitanda tumekiweka sebuleni, maana huko ndiko kwenye bati zima. Mvua imeanza. Bati linalia na yeye amelala. Mito ile ile, shuka zile zile. Lakini amelala, jamani. Naandika haraka kabla sijaanza kuamini.

Jumapili, 20 Julai

Ameamka. Kitu cha kwanza, ameniuliza kama pamevuja.

Pamevuja. Tone moja moja, miguuni pa kitanda, penye kijiti. Nilidhani atakasirika. Amesema, "Hiyo ni yetu, iache."

Amekula uji wote.

Jumatano, 23 Julai

Amefariki. Nyumbani, mchana, Achieng' akimpaka mafuta miguu. Mimi nilikuwa bombani nachota maji. Nimerudi na mtungi, mtungi ukabaki kichwani, nikashindwa kuutua.

Jumapili, 3 Agosti

Tumerudi kutoka kuzika.

Kule kijijini hana nyumba. Mtu mzima mwenye mke halazwi kwenye nyumba ya mamake, basi wakamjengea kibanda cha haraka cha mabanzi na turubai ili jeneza lisikae nje. Mvua ikapiga lile turubai kutwa. Nikakaa pale nikawaza paa letu la Njiru, linalovuja tone moja tu, lisilo na mtu chini yake.

Owuor alihutubia. Akasema mdogo wake alikuwa mtu mvumilivu. Ningekuwa na jiwe ningemtupia.

Jumatano, 6 Agosti

Owuor alikuja Njiru bila kupiga simu. Nilikuwa nafagia. Akasimama nje, akatazama juu, akasema kile kijiti hakiwezi kubaki. Mwenyewe amekwenda, kikiendelea kusimama ni mkosi kwa wote, na ndugu ndiye anayepaswa kukishusha. Aliongea haraka, macho chini.

Nikamwita Athumani alete ngazi. Sikubisha. Ni mila, na mimi si mtoto.

Owuor akapanda mwenyewe, mtu mwenye goti bovu. Athumani kaishika ngazi. Nikangoja mpaka mkono wake ukashika kijiti, ndipo nikamwuliza, "Shemeji, unavunja nini? Si ulisema nyumba hii haihesabiwi?"

Akabaki pale juu. Hakuvunja, hakushuka. Upepo unampepea koti. Athumani akatazama kando.

Kisha nikasikia kijiti kinakatika. Sauti ndogo tu, kama kuni. Aliposhuka alikuwa analia waziwazi, na alikuwa amekishika kwa mikono miwili kama kitu kinachoweza kumwagika. Akaniambia, "Hii ni dala ya ndugu yangu."

Nilikuwa na matusi niliyoyaweka akiba tangu siku ya mabati. Sikuyapata. Nimempa chai. Safari hii ameinywa.

Jumapili, 10 Agosti

Manyunyu. Nimekwenda kanisani, nimerudi kwa miguu.

Athumani alipita na kopo la lami alizibe lile tundu. Nimemwambia aje wiki ijayo. Akajibu haya, mama, bila kuuliza. Nadhani anajua nitamwambia hivyo tena.

Owuor ametuma mabati ya chumba cha kulala. Nimeyapima kwa vidole. Ni thelathini.

Kitanda sijakisogeza. Nimeweka sufuria miguuni, penye tone. Jioni ilikuwa na maji ya kikombe kimoja. Nimeyachemsha, nikatia majani na sukari, nikanywa nikiwa nimekaa kitandani, upande wake.