Maji Uliyoyamwaga kwenye Moto wa Mama

Doha,
Mwishoni mwa Novemba

Musyoka, mwana wa mwaitu, mama yetu,

Nakusalimu kwanza, maana mama alitufundisha kwamba hata mtu unayetaka kumgombeza unamjulia hali kabla ya kumwanza. Hujambo? Ndinda mkeo na watoto wanaendeleaje? Mvua imeshika huko Kivaa, au mmepanda mkabaki kutazama mawingu kama mwaka jana? Mimi ni mzima. Magoti huniuma jioni, lakini hayo ni ya kazi, hayaui. Basi, salamu nimezimaliza, sasa kaa chini.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu tunajuana. Nikianza kusema, mtandao wako hupotea. Barua haina mtandao. Anayekuletea ni Kavata, dada wa Matuu ninayefanya naye kazi, anakuja likizo. Nimemwomba akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka uifungue. Mpe chai, hana kosa.

Kuhusu ile suti. Wiki iliyopita uliniandikia kwamba kamati imekuchagua tena kushika maikrofoni Siku ya Jamhuri, ukaniomba nikununulie suti ya samawati kwa kuwa vitambaa vya huku ni vizuri. Ukaongeza kwamba mwaka huu mmeita DJ kutoka Thika, na akina mama wa kikundi cha kilumi, ngoma yetu ya Kikamba, mtawapa leso na viti kivulini ili wapumzike. Nilisoma neno hilo nikiwa nimesimama mbele ya mashine, damu ikanipanda kichwani. Nani alikwambia mama amechoka? Mama hakuchoka. Mama alizimwa, na aliyemzima ananiomba suti.

Kazi yangu unajua ni ya kufua shuka za hoteli, ila hujawahi kuniuliza ikoje. Nitakwambia leo. Chumba kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, na mvuke wa pasi kubwa hukuchemsha kama mahindi ya muthokoi tangu asubuhi. Shuka huja kwa mikokoteni, ukimaliza mmoja unasukumiwa mwingine. Joto nimelizoea. Nisilolizoea ni kwamba msimamizi wetu hataki tuimbe, kwa sababu, anasema, sauti zinafika kwenye lifti ya wageni. Hebu fikiria mwanamke wa Kivaa anakunja shuka kutwa nzima akiwa kimya. Nimelimeza hilo pia. Nimekuwa nikijiambia hapa ni kwa watu, vumilia, kwetu hakuna anayemnyamazisha mtu kwa ajili ya wageni.

Ndiyo maana Jamhuri iliyopita nilibadilishana zamu ili niwe chumbani asubuhi. Ndinda alikuwa ameniahidi kunipigia simu ya video kutoka uwanja wa shule. Niliwaita wenzangu wawili ninaolala nao, Anyango wa Siaya na Sunita wa Nepali, tukapika chapati, tukaegemeza simu kwenye kopo la sabuni. Nilikuwa nimewachosha kwa sifa. Niliwaambia kwetu Jamhuri haianzi kwa gwaride wala kwa hotuba, inaanza kwa moto. Kila nyumba inaleta ukuni mmoja, moto unawashwa pembeni mwa uwanja, na mama yangu anaisogeza ngoma yake karibu mpaka ngozi ikaze. Ngoma ikishalia ndipo bendera inapanda.

Picha ikaja. Nikamwona mama amefunga leso mbili kiunoni, ngoma iko mbele yake, moshi unapanda vizuri kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha usiku na kuni zilikuwa mbichi kidogo. Nikawaonyesha wenzangu, huyo ndiye mama yangu. Sunita akauliza kama ngoma haitaungua. Nikacheka, nikamweleza kwamba ngozi iliyolala kwenye unyevu hailii, inakohoa tu, na kwamba mama hujua kwa kiganja ngoma imefikia wapi.

Halafu ukatokea wewe. Maikrofoni mkono mmoja, ndoo mkono wa pili.

“Mama, mzime hiyo moto. Moshi inaingia kwa tent ya wageni.”

Mama hata hakuinuka. “Ngoja kidogo tu, Musyoka. Ngoma haijasikia moto.”

“Program haiwezi ngojea ngoma, mama. Haya, songeni.”

Ukamwaga. Nilisikia makaa yakilia kwenye simu, huku Doha. Ndinda akasema, “Aki Musyoka,” kisha picha ikaangalia chini, nikabaki naona viatu vyake na majivu yanayoelea kwenye tope. Anyango alianza kukusanya sahani ambazo hazikuwa zimetumika.

Baadaye mkawaita akina mama waingie uwanjani. Mama akaiweka ngoma katikati ya mapaja, akapiga, ikatoa sauti ya katoni lililonyeshewa. Akapiga tena. Vijana wakacheka. Ukasema kwenye maikrofoni, kwa ile sauti yako ya harusi, “Asanteni sana mama zetu, mmetutoa mbali. DJ, amsha hawa watu.” Nikaizima simu mwenyewe. Sikutaka Sunita aone zaidi ya pale.

Nilinyamaza karibu mwaka mzima nikijitafutia namna ya kukusamehe. Nilijiambia labda mkubwa fulani alilalamika, labda alikuwa na pumu, labda ulipewa amri ukashindwa kukataa. Nikamuuliza Ndinda. Usimgombeze, ni mimi niliyembana. Akaniambia mgeni rasmi alikuwa hajafika. Alikuja baada ya saa sita, akasoma hotuba, akaondoka kabla chakula hakijaiva. Wakati unamwaga maji, ndani ya tent kulikuwa na viti vya plastiki peke yake. Moshi ulikuwa unavisumbua viti, Musyoka! Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwako mgeni hajatoka hata nyumbani kwake na mwenyeji ameshaugua.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana nadhani unapita hapo nyumbani bila kutazama. Shangazi Syombua, yule anayemwitikia mama nyimbo, alinipigia simu mwezi uliopita. Anasema jioni ile ile mama hakuirudisha ngoma ukutani ilikokaa tangu tukiwa watoto, akaitupa chini ya ghala. Kuku wa madoa ametagia ndani yake. Shangazi akamwambia, “Mwaitu, hiyo ngoma itaoza.” Mama akamjibu, “Wacha ioze. Serikali iko na spika.” Tangu hapo kikundi hakijakutana hata mara moja. Shangazi anasema wanawake wanapishana sokoni kama wageni, na mama haimbi hata akichambua kunde. Unajua mwanamke yule. Alimzika baba na bado akaimba akichota maji. Ngoma hiyo ikipitisha Jamhuri nyingine chini ya kuku, mama hataigusa tena maishani, na hakuna mwingine anayeijua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si suti.

Utaniambia hasira hasara. Utaniambia nimekaa mbali na sielewi, kwamba siku hizi vijana hawataki mambo ya moshi, kwamba unatafuta jina na kamati imekuamini. Jina tafuta. Lakini mdharau kwao ni mtumwa, na mimi nimekutana na watumwa wa aina hiyo huku. Mtu anaacha kula ugali mbele ya wenzake ili asionekane wa kijijini. Hao nawahurumia, wako ugenini. Wewe uko uwanjani kwenu.

Moto huo hukuununua hata ujue bei yake. Ile hadithi unaifahamu, tuliisikia sote kwa nyanya, lakini nitakukumbusha kwa sababu nadhani ilikuingia sikio hili ikatokea lile. Siku za mwisho za mkoloni mikusanyiko ilikatazwa. Nyanya, akiwa msichana, alikuwa anapasha ngoma pale pale mlipojenga shule. Mtu wa chifu akaja, kijana wa hapo hapo, na kofia na bunduki aliyopewa, akamwaga maji kwenye moto. Nyanya akabeba ngoma yake baridi akaenda nayo nyumbani. Hakuipiga tena mpaka asubuhi ya Uhuru, tarehe hii hii ya Jamhuri. Asubuhi hiyo watu walikusanyika bila kujua waanzeje, kila mtu anamtazama mwenzake. Yule kijana akatokea kichwa wazi, mzigo wa kuni begani. Akautua mbele ya nyanya, akapiga magoti, akawasha moto, akaupuliza mwenyewe mpaka macho yakamtoka machozi ya moshi. Nyanya akapasha ngoma, akapiga, na watu wakajua sasa ni Uhuru. Ndiyo sababu kila nyumba huleta ukuni. Hata Mzee Abdi, muuza mbuzi, ambaye wazee wake hawakuwa Kivaa siku hiyo, huleta wake, na ngozi ya ngoma ikichakaa hutoa nyingine bila kuombwa. Yeye ameelewa. Wewe uliyezaliwa humo ndani ukaleta ndoo.

Mkoloni angalau alituma mtu. Wewe ulijituma.

Kuna kipande cha hadithi ambacho hukukisikia. Nyanya alitusimulia mimi na mama jikoni, na wewe tangu uote ndevu tatu uliapa hukai jikoni na wanawake. Wazee wa pale walikijua, lakini kwa kumheshimu mwenyewe hawakuwa wakilitaja jina lake. Yule kijana wa chifu alikuwa babu. Babu Musyoka, huyo uliyepewa jina lake. Mwaka uliofuata alimposa nyanya, na ndugu zake nyanya wakawaka, wakasema hampi mkono mtu wa bunduki. Nyanya akawajibu kwamba mtu wa bunduki hamjui, yeye anaolewa na mtu wa kuni.

Najua hapo umeiweka barua chini kidogo. Ichukue, tumalizie.

Suti hutapata. Nilikuwa nimeipata nzuri, ya samawati kweli, nikairudisha dukani. Kiberiti ningekutumia lakini ndege haikubali, kanunue hapo sokoni. Wewe mwenyewe ukamtoe yule kuku, polepole, na mayai yake uyahamishe vizuri maana kuku hana hatia. Ngoma uifute, uipeleke kwa Mzee Abdi aitazame ngozi. Asubuhi ya Jamhuri usimtume mtoto wala kijana wa kamati. Beba kuni begani kwako, upite katikati ya uwanja watu wakikuona, upige magoti mbele ya mama, uwashe. Usitoe hotuba. Akikukaripia, sikiliza. Akikaa kimya, endelea kupuliza. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na ni kweli, hayo yameenda. Lakini kuni bado zipo Kivaa.

Nisalimie mama, umwambie mwanawe Mwikali anakula vizuri na asiwe na wasiwasi juu ya magoti. Usimsomee barua hii. Shangazi Syombua mwambie sauti yake ninaikumbuka kila mkokoteni wa shuka unapoingia, na aanze kuilainisha. Ndinda, mkeo, mpe asante kwa kunishikia simu siku ile, na mwaka huu aishike juu. Mzee Abdi msalimie kwa heshima, umwombe radhi kwa ukuni wake uliouloanisha. Watoto wako wabusu, na asubuhi hiyo kila mmoja abebe ukuni wake.

Nimeshabadilishana zamu. Nitapiga simu kabla bendera haijapanda, Anyango na Sunita wakiwa kando yangu. Sunita huniuliza mpaka leo kama ngoma ya mama yangu ilipona, na nimechoka kumdanganya. Sitaki kuona uso wako wala mavazi yako. Elekeza simu kwenye moto, kisha uniache nisikilize.

Babu alikuwa na bunduki, Musyoka, na aliiweka chini akabeba kuni. Wewe una maikrofoni tu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na niliyekukasirikia,

Mwikali