Dirisha la Kwanza Kichochoroni

Kukhu, nyanya yangu mpendwa, komredi wangu wa kwanza katika mapambano ya hewa safi,

Ulipoondoka hapa mtaani kwetu Gatwekera uliapa hutarudi kulala ndani ya sanduku la mabati lenye moshi, ilhali kule Webuye Babu alikuchongea kifuniko cha dirisha kabla hata hajakununulia kitanda. Historia imekusikia. Mwenye nyumba alichoka na hotuba zangu, akakubali tutoboe dirisha. Jumapili fundi Morris alikata ukuta, na bati lilelile lililokatwa akalitia bawaba likawa kifuniko.

Tulipokisukuma kwa shangwe, kikagonga ukuta wa jirani yetu Kamene, maana kichochoro ni chembamba.

"Phanice, unabisha ama unahamia kwangu?" akauliza.

Jioni hiyohiyo naye akamwita Morris, ila kifuniko chake kinafungukia ndani. Sasa yeye na Mama hupitishiana chumvi bila kutoka nje. Kikohozi cha Mama, ambacho hatukukwambia, kimepungua.

Basi naitisha mkutano wa ukoo hapa dirishani, Jumamosi, saa nne asubuhi. Ajenda ni moja: jioni ulifunge dirisha kwa mkono wako, na Jumapili asubuhi ulifungue.

Mjukuu wako asiyerudi nyuma,
Phanice