Magugu Aliyokuwa Akitukatia Bi Zuwena

Jumamosi, Machi. Ansab. Joto kavu, upepo wa vumbi, na hasira ya jana haijaniisha.

Niandike kwa mpangilio, kama ninavyoandika kazini gazetini.

Alkhamisi mchana kaka yangu Nassor alipuliza dawa ya magugu kwenye shamba letu la mahindi kijijini Qurayyat. Mvua ya wiki iliyopita ilizishtua ndago, zikaipita miche kwa urefu. Kabla hajaanza alinipigia simu. Akasema wingu limeshafunga mlimani, nikamwambia asubiri. Akaniita mkulima wa kompyuta. Haikupita saa moja, mvua ikaiosha dawa yote. Ndago zimenawiri kuliko mahindi.

Huo ni ujinga tu. Kuna baya zaidi.

Jirani yetu Bi Zuwena hukata majani shambani kwetu kila asubuhi, akawalisha mbuzi wake. Ruhusa alipewa na marehemu mama. Kusema kweli, yeye ndiye anayetupunguzia magugu miaka yote hii. Hakuna aliyemwambia kuhusu dawa. Jana alfajiri alikata kama kawaida na mbuzi wakala. Baadaye ndipo akaliona bomba la dawa limetundikwa kwenye uzio.

Mimi nilifika shambani kutoka mjini wakati anamuuliza Nassor. Nassor akajibu kwamba mvua imeshaosha, kwa hiyo hakuna tatizo.

"Wajukuu zangu wanakunywa maziwa ya mbuzi hawa, Nassor. Ulimi ulikuuma?"

Mbuzi hawajaugua. Maziwa anayamwaga.

Nilimkaripia Nassor mbele ya Bi Zuwena, kwa kirefu na kwa ufasaha. Nilimwita mzembe. Alinitazama tu, na nilijua kwa nini.

Nilikuwa na habari tangu Alkhamisi. Namba ya Bi Zuwena ninayo. Sikupiga.

Sina udhuru. Nilikuwa na makala ya kumaliza, nikaona kumwambia ni kazi ya Nassor. Mtu akinijibu hivyo kwenye mahojiano, simwachi.

Leo asubuhi nimempigia Bi Zuwena nikamweleza kwamba na mimi nilijua. Akanijibu:

"Nnashukuru umesema. Majani yenu sasa kateni wenyewe."

Nassor anataka kupuliza tena. Nimemwambia akigusa bomba lile, mahindi ni yake peke yake.

Kesho nimeomba ruhusa kazini. Nitakwenda na jembe, nianzie upande wa uzio wa Bi Zuwena. Akitaka kunitukana, nisiwe mbali.