Vitanda Juu ya Matofali

Nyalenda, Kisumu

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute umekaa pale kwenye benchi la jikoni, miguu ukiielekeza motoni, na kifua kimekupa nafasi ya kulala. Ukungu umeshashuka? Huku joto ni la kuchosha. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, na sitakuficha.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu. Mimi nasema, wewe unajibu "Eeh! Eeh!", halafu Mghoi ananiambia baadaye kwamba hukusikia hata neno moja. Kwa hiyo Mghoi, dada yangu, msomee Baba polepole na usiruke kitu, hata pale utakapoona nimekosa. Hasa pale.

Nianze na lile zito. Sitaweza kuja siku ya kumwekea Mama msalaba. Najua tulikubaliana, na najua ni mimi niliyechagua siku yenyewe. Nilipokuja kumzika nilirudi kazini kesho yake kama mgeni aliyepita tu, na tangu hapo nimekuwa nikiingoja siku hiyo. Nataka usikie sababu yote, kisha unihukumu.

Kazi ya barabara iliyonileta huku iliisha, wewe unajua. Nikapakua magunia, nikachanganya zege, nikafukuzwa mara mbili. Ndipo ukaja mradi mmoja uliokuwa unatengeneza ramani ya mafuriko kwenye tambarare za Kano, kule Ahero kwenye mashamba ya mpunga, kuteremka hadi ziwani. Walitaka watu wa miguu, wa kutembea kwenye matope kutwa nzima, wanaojua kusoma. Kile kidato cha pili nilichoishia kikatosha. Nikapewa buti na simu.

Kazi yenyewe ni hivi. Unafika kwenye nyumba, unasimama mlangoni, unabonyeza, na simu inachukua mahali uliposimama kutoka huko juu angani. Kisha inakupa maswali. Watu wangapi wanaishi hapa? Nyumba ni ya udongo au ya mawe? Na lile kubwa: mafuriko yaliyopita, maji yalifika kitandani? Majibu yalikuwa matatu. Hayakufika, yalifika, yalipita. Mwenye swali alifikiri vitanda vyote duniani vina kimo kimoja. Mimi sikufikiri lolote. Nilibonyeza.

Mwanamke mmoja, Madam Naliaka, ndiye anayekaa na kompyuta. Ni mdogo kwangu lakini wote tunamwita madam. Siku moja jioni akaniita ofisini. "Mwadime, njoo uone miguu yako imefanya nini."

Baba, niliona kila mlango niliosimama umekuwa nukta. Akachagua lile swali la kitanda, akaiambia programu ipake rangi, na nukta zote zikabadilika mbele ya macho yangu. Ambako maji hayakufika kitandani, njano. Yalipofika, rangi ya chungwa. Yalipopita, nyekundu. Akabonyeza tena, rangi zikatambaa zikajaza nafasi kati ya nukta na nukta, mpaka nchi nzima ikawa kama imevalishwa kitenge. Nilisimama pale na matope yangu nikajiona mtu wa maana. Nilitamani ungekuwepo.

Karibu na mto Nyando kulikuwa kwekundu kabisa, isipokuwa sehemu moja ndogo katikati. Kisiwa cha njano.

"Hapa lazima pameinuka," Madam Naliaka akasema. "Unapakumbuka?"

Nikasema napakumbuka. Ni kwa Mama Syprose na majirani zake. Sikukumbuka kupanda mlima wowote, lakini kompyuta ilikuwa imesema.

Sasa nikueleze huyo Mama Syprose. Ni mjane, umri wake kama wa shangazi. Nyumba yake ni ya udongo, imekandikwa vizuri kuliko zote za pale, ukuta laini kama sahani. Nilipoingia mara ya kwanza niliona kitanda chake kimesimama juu ya matofali, manne kila mguu. Nikadhani ni kama tunavyofanya sisi huku kwenye vyumba vyetu vya kupanga, unapandisha kitanda ili upate mahali pa kusukumia ndoo na masanduku. Hata nilimtania. "Mama, hapa unapanda na ngazi?" Akacheka. Nikasoma swali kama lilivyo: "Maji yalifika kitandani?"

"Hapana, nyathina," akajibu. Nyathina kwa lugha yao ni mwanangu. "Haikufika kitanda." Alisema kwa fahari, kidevu juu. Nikabonyeza jibu la kwanza. Kwa majirani zake pia nilikuta matofali, nikauliza, wakajibu vilevile kwa fahari ileile. Nyumba kumi na moja.

Wiki iliyopita mradi uliitisha mkutano kanisani. Ramani ilichapishwa kubwa, ikatundikwa ukutani, na watu wakasukumana kutafuta kwao. Mkuu wetu wa mradi akasimama akaeleza. Walio kwenye nyekundu ndio watakaoanza kujengewa nyumba juu ya misingi ya kuinuka, kabla ya mvua kubwa. Chungwa watafuata. Njano wasubiri, kwa kuwa wao hawana hatari. Na hapo kwenye njano, akagusa kile kisiwa kwa fimbo, ndipo patakapojengwa banda la kukimbilia. Maji yakija, kila mtu achukue watoto wake akimbilie hapo.

Mzee mmoja akaangua kicheko. "Wewe Syprose! Kumbe unakaa mlimani na hujatuambia!"

"Mimi najua?" Mama Syprose akajibu. "Mje basi na blanketi, huko juu kuna baridi."

"Na chai utapika?"

"Ya nini? Si mtakunywa ile maji mtakuwa mmekuja nayo?"

Kanisa zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini baada ya mkutano alinifuata nje, na hakuwa anacheka.

"Nyathina, hii ramani yenu imeona nini? Maji ilifika kwangu ikaniogopa, ikazunguka?"

"Mama, ni wewe ulisema haikufika kitandani."

"Ee. Haikufika. Si ndiyo sababu tulipandisha?"

"Mlipandisha na nani?"

"Na kikundi. Sisi akina mama wa kanisa. Ile mafuriko ya kwanza iliniozesha godoro, ikaozesha ya Rispa, tukasema hapana, hatulali tena kwa maji. Tukatafuta matofali pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka kila mmoja akapanda." Akanirudisha ndani hadi kwenye ramani, akaweka kidole kwenye nukta za njano moja baada ya nyingine. "Hii ni Rispa. Hii Deborah. Hii mimi. Hii mama ya mapacha. Hii yote ni kikundi. Hakuna mlima hapa."

Baba, ndipo nikaelewa. Kile kisiwa hakikuwa ardhi iliyoinuka. Kilikuwa kikundi cha akina mama. Waliojitahidi ndio waliosukumwa nyuma ya foleni, na pale kwenye vitanda vyao ndipo kijiji kizima kiliambiwa kikimbilie na watoto, katikati kabisa ya maji.

Hakuna mwingine aliyemsikia. Mama Syprose mwenyewe hakunituma popote. Aliniaga tu, "Haya, enda salama," akaenda kuchukua kuni. Nauli yangu ya kuja nyumbani ilikuwa imeshalipwa, zilibaki wiki mbili. Nikasema moyoni, mimi ni mtu wa miguu tu, ramani ina wenyewe. Nilitembea na maneno hayo hadi lilipoegeshwa gari. Kisha nikakumbuka ule ufito wako wenye alama za kisu, unavyousimamisha shambani kabla ya kujenga tuta la mawe, na siku ile nilipoupimia kutoka juu ya jiwe kwa uvivu, tuta likabomoka mvua ya kwanza likazika mihogo ya Mama. Hukunipiga. Ulinipa jembe tu, ukasema nianze kufukua.

Nikamwambia Madam Naliaka palepale kando ya gari.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Niliyaona matofali, madam. Hata niliyahesabu."

"Kompyuta haijakosea," akasema. "Yule mama hakudanganya, na wewe hukudanganya. Na bado ramani yangu ni ya uongo."

Mkuu hakuwa mpole hivyo. Aligonga meza. "Sasa nikawaambie wakubwa nini? Kwamba ramani imeharibiwa na kitanda?"

"Imeharibiwa na matofali," nikasema, na Mungu anajua sikukusudia kumkejeli. Madam Naliaka akaangalia dirishani ili asicheke. Kisha akanitetea. Alisema nyumba zote zipimwe upya, kutoka sakafuni, kabla mvua hazijaanza na kabla mtu hajachimba msingi hata mmoja.

Mkuu akanigeukia. "Wewe una ruhusa ya kwenda kwenu. Ukitaka, nenda. Nitaweka mtu mwingine."

Hapo ndipo penye kosa langu kwako, Baba. Sikulazimishwa. Nilipewa mlango uliofunguka nikabaki ndani. Lakini huyo mwingine hajui ni nyumba zipi zina matofali, na wengine wameyatoa kwa muda wa kiangazi. Mbingu ya upande wa ziwa imeanza kuwa nyeusi kila alasiri. Nikamwambia nitabaki.

Nilikata ufito. Si wa mti kama wako, ni wa mwanzi, lakini niliutia alama kwa kisu kama ulivyonifundisha, na Madam Naliaka akazilinganisha na utepe wake wa kupimia akakuta ziko sawa. Nyumba ya kwanza nilikwenda kwa Mama Syprose. Nikamwuliza kama ukuta wake una alama ya maji, maana mimi sikuona yoyote.

"Utaonaje? Mimi nakaa na uchafu?" Akaondoa kalenda ya kanisa ukutani, akachukua kisu cha jikoni, akakwaruza. Alikuwa amekandika upya juu ya mafuriko yote. Udongo wa juu ukaanguka, na chini yake ukatokea mstari wa kahawia, umenyooka kama umepigwa kwa uzi. Nikasimamisha ufito sakafuni. Mstari ulifika kiunoni mwangu. Nikaangalia kitanda chake kilichopandishwa. Maji yalisimama vidole viwili chini ya godoro.

"Siku mbili nilikaa hapo juu," akasema. "Mimi na kuku. Nilikuwa naangalia huo mguu wa kitanda tu, nahesabu tofali. Hii imezama. Hii imezama. Mbuzi nilishindwa kumpandisha. Alilia mpaka akanyamaza."

Hakulia akisema hayo. Mimi ndiye niliyetoka nje kidogo.

Tangu siku hiyo natembea nyumba kwa nyumba na ufito. Jioni nampa Madam Naliaka vipimo, anaviingiza, na kile kisiwa cha njano kinapungua nukta moja moja. Jana usingekiona tena. Mama Syprose sasa ni nyekundu. Nilipomwambia alisema, "Ero kamano," yaani asante, halafu akauliza kama maji nayo yameambiwa yasubiri mpaka msingi wake umalizike. Zimebaki nyumba nyingi, upande wa chini karibu na ziwa, na ndizo zinazonizuia.

Sasa kuhusu Mama yetu. Msiahirishe. Mchungaji ameshaalikwa na mvua za huko nazo haziko mbali. Msalaba ukiinuliwa, mmoja hushika kulia na mwingine kushoto hadi saruji ishike, na wewe ulisema kushoto ni kwangu. Naomba Mghoi ashike. Ndiyo, Mghoi, umesoma sawasawa, usinyamaze hapo, soma tena kwa sauti. Wewe ndiye uliyemwogesha Mama alipougua, mimi nilikuwa kwenye simu nikipiga kelele. Wakisema msichana hashiki msalaba, waambie ni mimi, mwanawe wa kiume, nimesema.

Na kabla ya kumwaga saruji, Baba, simamisha ule ufito wako. Kutoka ardhini, si kutoka juu ya jiwe.

Nisalimie shangazi na umwambie yule kuku wa kunipokea asichinjwe, atage kwanza. Mjomba fundi, anayechonga jina la Mama, aandike majina yote mawili, la kwao na la ubatizo. Bibi jirani aliyekuwa akimletea Mama maziwa, mpe mkono wangu. Walimu na wanakwaya waliotuimbia mazishini, wote, kila mmoja kwa jina lake.

Nikimaliza nyumba ya mwisho nitapanda gari siku hiyohiyo. Nitakuja moja kwa moja kaburini kabla ya kuingia ndani, na nitaupima huo msalaba.

Ni mimi mwanao, mwenye matope ya Kano hadi magotini,

Mwadime