Nyumba ya Tisa

Kaka,

Mama hajambo, mguu wake una nafuu. Mkeo alipokukimbia, nilimtafutia chumba mtaani kwetu. Kama desturi yetu, nikamtambulisha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa kwa picha na namba ya nyumba: "Karibu jirani, nyumba ya tisa." Nilisahau kwamba wewe, uliyehama zamani, bado umo kundini.

Ukaja na nyundo. Meno yake niliyaokota mimi sakafuni, moja moja. Halafu unaniandikia nisiseme ulipojificha, eti damu nzito kuliko maji! Ya wifi yangu nimeimwagia ndoo tatu na bado iko ukutani.

Na wewe nimekutambulisha kwa polisi: picha na namba ya nyumba. Askari aliyekupa barua hii anasubiri umalize kusoma.

Dada yako wa tumbo moja.