Dawa Uliyomwaga Zizini

Kaka,

Hatujambo. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Ile dawa ya kuua vijidudu uliyomwaga zizini, eti wakwe zako wasisikie harufu, iliteremka na samadi hadi kwenye shimo la gesi. Vijidudu vya mle ndivyo vilivyotupatia moto, nawe umeviua vyote! Ng'ombe alikula nyasi, samadi yake ikatupikia, mabaki yakarudi shambani kuotesha nyasi nyingine. Wewe umekuja siku moja na chupa yako, bwana usafi, ukakata yote.

Sasa Mama amerudia kuni na moshi tuliokwisha kuuaga. Amenikataza kukwambia kwamba kifua kimembana tena. Haya, sijakwambia. Mpigie simu usikilize mwenyewe.

Dada yako, mla moshi mwenzake.